Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mtumishi Aliyemweleza Kabaka Ukweli

Kila tarehe 3 Juni tunapowaadhimisha Mashahidi wa Uganda, jina la Karoli Lwanga hutangulia na wenzake hufuata kwa pamoja. Leo tumtazame aliyemtangulia Lwanga katika kazi na katika kifo. (Wasomaji wa Lembeni watuwie radhi: Mwanga tutakayemtaja hapa ni Kabaka wa Buganda, si wilaya yetu.)

Yosefu Mukasa alizaliwa yapata mwaka 1860, akaingia katika utumishi wa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1874. Alimhudumia mfalme kwa karibu na kumuuguza katika maradhi yake. Anayemuuguza mkubwa hujifunza jambo ambalo halifundishwi barazani: saa ya kunena na saa ya kunyamaza. Alibatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Novemba mwaka uleule wamisionari walipoondoka Buganda na kuhamia Bukumbi, kusini mwa ziwa, yeye ndiye aliyewaongoza waumini waliobaki.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, aliyekuwa bado kijana. Mukasa akawekwa kuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme. Mfalme huyo alizungukwa na washauri mchana kutwa, kila mmoja na shauri lake, na ukweli ulipata nafasi finyu. Mukasa aliposikia kwamba Katikiro na wakuu wengine wanapanga kumpindua bwana wake, alimpelekea habari bila kuchelewa. Kabaka aliwaita, akawakemea, kisha akawasamehe. Katikiro lakini hakumsamehe aliyepeleka habari.

Lililo gumu zaidi lilikuwa kumpinga yule yule aliyemlinda. Mwanga alipowataka vijana wa ikulu kwa uchafu, Mukasa aliwaepusha naye, akijua kwamba kwa mfalme huo ni uasi. Kisha tarehe 29 Oktoba 1885, Askofu Mwanglikana James Hannington akauawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka. Mukasa alimlaumu bwana wake uso kwa uso kwa kumwua mgeni bila kumsikiliza, akamkumbusha kwamba baba yake hakufanya hivyo. Wapo wanaodhani angengoja hasira na hofu ya mfalme ipoe. Sisi hatuoni hivyo. Hannington alikwisha kufa, lakini wamisionari na vijana wa ikulu walikuwa bado hai, na hakuna mwingine aliyekuwa na njia ya kufika masikioni mwa Kabaka.

Tarehe 15 Novemba 1885 alihukumiwa kufa. Mnyongaji Mukajanga alikawia, akitumaini kwamba Kabaka angegeuza nia, lakini Katikiro alituma mtu kuhimiza kazi imalizike. Mukasa alikataa kufungwa kamba. Akamkabidhi mnyongaji ujumbe wa mwisho kwa bwana wake, mfupi kama zilivyopasa kuwa taarifa za mtumishi: kwamba amemsamehe, kwamba amemwua bila haki, na kwamba atubu, la sivyo watakutana mbele ya Mungu. Kisha akakatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto.

Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, aliyebaki kuwaongoza vijana wa ikulu, alikwenda kwa mapadre kuomba ubatizo, akabatizwa.