Waziri Mkuu na sekretari wake: maisha ya David Lloyd George



Swali hili linarudi mara nyingi katika mazungumzo ya sharika zetu: kiongozi wa serikali akiwa na uhusiano wa siri na mtu anayefanya kazi chini yake, je, hilo ni jambo la nyumba yake tu, au ameharibu pia kazi ya watu? Wengine wanajibu kwamba dhambi ni dhambi, basi aondoke. Wengine wanasema tuangalie barabara na shule alizojenga, mambo ya chumba chake yanamhusu yeye na mke wake. Tumeona vema tusikimbilie jibu. Tutasimulia kwanza maisha ya mtu mmoja wa Uingereza aliyekufa zamani, aliyekulia kanisani kama wengi wetu, kisha tupime pamoja.

Mtoto aliyelelewa na fundi viatu

David Lloyd George alizaliwa Manchester tarehe 17 Januari 1863. Baba yake, mwalimu wa shule, alikufa mwaka uliofuata. Mama alirudi na watoto kwa kaka yake, Richard Lloyd, katika kijiji cha Llanystumdwy, kaskazini mwa Wales. Mjomba huyo alikuwa fundi viatu, na siku ya Bwana alikuwa mhubiri wa kanisa dogo la Kiprotestanti, bila mshahara. Ndiye aliyemlea kijana na kumsaidia mpaka akawa mwanasheria.

Siku hizo watu wa makanisa huru, yasiyo chini ya kanisa la serikali, walidharauliwa katika mambo mengi, hata katika mazishi. Mwaka 1888 Lloyd George alitetea familia ya kijiji cha Llanfrothen iliyonyimwa haki ya kumzika mzee wao kwa desturi ya kanisa lao, akashinda. Mwaka huohuo alimwoa Margaret Owen, binti wa jirani. Mwaka 1890, akiwa na miaka 27, aliingia Bungeni kwa tofauti ya kura 18 tu.

Mwaka huo 1890 kulitokea jambo ambalo kila mwanasiasa kijana aliliona. Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ireland, alikuwa anaishi kwa siri na Katharine O'Shea, mke wa mtu mwingine. Mume alipeleka kesi ya talaka mahakamani, na Novemba hukumu ikatoka. Wachungaji wa makanisa huru walipaza sauti kwamba hawawezi kushirikiana na kiongozi wa namna hiyo. Chama cha Parnell kikagawanyika, naye akafa mwaka uliofuata. Lloyd George alikuwa mbunge mpya, na watu waliopaza sauti walikuwa watu wa upande wake mwenyewe.

Kazi njema, na mwalimu wa binti

Mwaka 1908 Lloyd George alifanywa Waziri wa Fedha. Hatupaswi kuficha mema yake. Kuanzia tarehe 1 Januari 1909, wazee maskini waliofikia miaka 70 walianza kupata hadi shilingi 5 kila juma kutoka serikalini. Mwaka 1911 alipitisha sheria ya bima kwa wafanyakazi wagonjwa na, katika kazi fulani, kwa wasio na kazi. Maskini wengi walimpenda, na walikuwa na sababu.

Mwaka 1909 gazeti moja lilimsema kuwa na uhusiano na mke wa mtu. Alilishitaki, Margaret akakaa karibu naye mahakamani, gazeti likalipa pauni 1,000. Fedha hizo alizitoa kijengwe chumba cha mikutano katika kijiji chake.

Nyumba yake ilikuwa na huzuni pia. Binti yake Mair alikufa mwaka 1907, akiwa na miaka 17. Mwaka 1911 walitafuta mwalimu wa kumfundisha binti mdogo, Megan, wakamchukua Frances Stevenson, aliyesoma shule moja na Mair. Alikuwa amezaliwa mwaka 1888, mwaka uleule David na Margaret walipooana. Alikuwa na elimu ya chuo kikuu na akili nyepesi.

Mwishoni mwa mwaka 1912 Waziri alimtaka Frances awe sekretari wake na mpenzi wake pamoja. Masharti yalikuwa wazi: hatamwacha mke wake, na hakutakuwa na kashfa ya kuharibu kazi yake. Alimpa hata kitabu cha maisha ya Parnell, ili aone hatari iko wapi. Frances alifikiri siku za Noeli, akarudi mwanzoni mwa 1913 na kukubali. Yeye alikuwa na miaka 24, bwana wake alikaribia 50. Hivi tunaona somo ambalo Lloyd George alilichukua kwa Parnell. Alijifunza kwamba jambo lisifike mahakamani.

Miaka 30 ya nyumba mbili

Desemba 1916, katikati ya Vita Kuu, alifanywa Waziri Mkuu. Frances aliingia naye katika nyumba ya Downing Street kama mmoja wa makatibu wake, kazi ambayo mbele yake ilikuwa ya wanaume. Alifanya kazi ya kweli, usiku na mchana, na waliomwona walimsifu. Mwaka 1918 alipewa cheo cha heshima cha taifa, CBE. Mwaka 1919 alikuwa naye Paris katika mkutano wa amani, uleule uliogawa makoloni ya Ujerumani, ambamo Ruanda-Urundi, jirani zetu, waliwekwa chini ya Ubelgiji.

Margaret alikaa zaidi Wales, akihudumia watu wa jimbo na kusimama na mume wake wakati wa kampeni. Alijua. Wabunge wengi walijua, na wenye magazeti walijua. Hakuna aliyeandika. Mwaka 1929 Frances alizaa binti, na hata leo waandishi wanabishana juu ya baba. Mbele ya watu ilisemwa kwamba ni mtoto wa kulea. Margaret alikufa Januari 1941. Oktoba 1943 Lloyd George, mwenye miaka 80, alimwoa Frances katika ofisi ya serikali, bila kibali cha moyo cha watoto wake, hasa Megan, mwanafunzi wa zamani wa Frances. Alikufa tarehe 26 Machi 1945, akazikwa kando ya mto wa kijiji chake.

Je, alitumia cheo vibaya?

Sheria ya Uingereza ina kosa la zamani la kuharibu cheo cha umma. Kesi ya Bembridge ya mwaka 1783, ya mhasibu wa serikali aliyeficha hesabu, ndiyo inayotajwa sana. Ili mtu aingie katika kosa hilo, lazima awe mwenye cheo, atende katika cheo hicho, ajue anachofanya, na avunje imani ya watu kiasi kikubwa. Kwa kipimo hicho, mapenzi peke yake hayatoshi. Lloyd George hakushitakiwa kwa ajili ya Frances, na hatuoni kwamba angeweza kuhukumiwa. Frances alilipwa kwa kazi aliyoifanya.

Yaliyotikisa jina lake la uongozi yalikuwa mambo ya fedha. Mwaka 1912 alinunua hisa 1,000 za kampuni ya Marconi ya Marekani, wakati serikali yake ilikuwa katika mapatano na kampuni ndugu ya Uingereza, na Bunge halikuambiwa wazi. Alipokuwa Waziri Mkuu, vyeo vya heshima viliuzwa kwa matajiri ili kujaza mfuko wake wa siasa. Mwaka 1922 orodha ilipomtaja Joseph Robinson, tajiri wa madini wa Afrika Kusini ambaye mahakama ilikuwa imetoa hukumu dhidi yake, nchi ilichukizwa. Oktoba mwaka huo alianguka, kwa sababu hiyo na nyingine, asirudi tena serikalini. Mwaka 1925 ikatoka sheria ya kukataza biashara hiyo. Hapo hakuna mashaka: cheo cha watu kiligeuzwa kuwa mali.

Basi wanaosema kila uzinzi wa kiongozi ni kosa la serikali hawako sawa. Tukichanganya mambo hayo mawili, tutamwangusha mtu kwa sababu ya mapenzi, na mwizi mwaminifu kwa mke wake tutamwacha akae.

Lakini wanaosema ni jambo la chumbani tu, nao hawajaangalia vizuri. Tunaona maswali matatu ya kuuliza.

La kwanza: nani alikuwa na mkono juu ya nani? Frances alichagua, na maisha yake yote alisema hivyo. Hata hivyo aliyemwomba ndiye aliyemlipa. Mahali mkate wa mtu uko mkononi mwako, ndiyo yake haiwezi kupimwa sawasawa, hata ikitoka moyoni.

La pili: kitu cha watu kiliingia? Parnell, mwaka 1886, aliwalazimisha wenzake wampokee mume wa Katharine kuwa mgombea wa Galway, nao hawakumtaka. Hapo mambo ya siri yalikula haki ya wapiga kura. Kwa Frances, kile cheo cha 1918 pengine alikistahili kabisa. Lakini orodha ya vyeo ilipita mikononi mwa mpenzi wake, hivyo hakuna aliyeweza kujua. Mwenye kugawa alikuwa pia mwenye kupenda, na sekretari mwaminifu akanyimwa hata sifa safi ya kazi yake.

La tatu: ni wangapi walilazimika kunyamaza? Siri ya kiongozi haibebwi na watu wawili. Inabebwa na mke, watoto, wafanyakazi na waandishi. Mtu aliyezoea kuzungukwa na watu wanaojua na kunyamaza, atashangaa nini siku akiuza vyeo na bado wananyamaza? Hatusemi jambo moja lilizaa lingine. Tunasema ukimya uliozoeleka katika biro ile ulikuwa tayari kwa yote mawili.

Hapa neno linatugusa sisi wa makanisa. Makanisa huru yalimpigia kelele Parnell, mtu wa upande mwingine na Mprotestanti wa kanisa jingine. Lloyd George alikuwa mtoto wa nyumbani, aliyewatetea hata makaburini, na waliojua habari zake hawakuthubutu. Nabii Nathani alikwenda kwa Daudi aliyempenda, mfalme wake mwenyewe, na alipomkemea alianza na mwana-kondoo wa maskini, yaani na yule aliyenyang'anywa.

Tukisikia habari kama hizi juu ya kiongozi tuliyemchagua, anayetoka kwetu, anayesali nasi, tuulize kwanza habari za yule aliye chini yake, na za mke wake. Tuulize kama kitu cha watu kimeguswa. Kama kimeguswa, tuseme, hata kama ametujengea kanisa. Kama hakikuguswa, mzee wa kanisa aende kwake mlangoni, wakae wawili, amwambie kweli. Mkutano wa hadhara si mahali pake.

Bwana atupe ujasiri na kiasi.