Kanoni Kir, Meya wa Dijon

Mwezi Juni mwaka 1940 majeshi ya Wajerumani yaliukaribia mji wa Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Meya wake aliondoka, na watu wengi walikimbia. Padre mmoja mwenye umri wa miaka 64, Kanoni Félix Kir, alibaki, akaingia katika halmashauri ya muda iliyoushika mji.

Alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Alise-Sainte-Reine, akapata Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1901, akatumika miaka mingi katika parokia za vijijini. Wakati wa vita aliwasaidia maelfu ya mateka Wafaransa kutoroka katika kambi ya Longvic, naye akatiwa kifungoni. Mwezi Januari mwaka 1944 Wafaransa waliojiunga na adui walimwendea nyumbani kwake, wakampiga risasi. Mungu akamwepusha na mauti.

Mwaka 1945 alichaguliwa kuwa Meya, akaishika kazi hiyo mpaka alipofariki mwezi Aprili mwaka 1968, mwenye umri wa miaka 92. Alikuwa pia mbunge hadi mwaka 1967, wala hakuivua kanzu yake hata bungeni. Aliwachimbia watu wake ziwa la mapumziko, lililofunguliwa mwaka 1964. Naye aliyeonja ukali wa vita aliufanyia mji wake udugu na Mainz ya Ujerumani mwaka 1958, kisha na Stalingrad ya Urusi.

Mwaka 1960 Khrushchev, mkuu wa Urusi, alipozuru Dijon, Askofu alimkataza Kanoni kumlaki. Kanoni alitamani sana kukutana naye, lakini mgeni akapokelewa bila yeye. Mjini alikuwa mkuu. Mbele ya Askofu wake alikuwa Padre.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawakataza mapadre kushika vyeo vya utawala wa nchi. Basi kiti kile ni cha walei, nanyi akina baba na akina mama mnaotusoma ni miongoni mwao. Twawasikia wengine wakisema kwamba siasa ni uchafu; wanakaa kando, kisha wanalalamikia maji na barabara. Wenzetu, ikiwa waaminifu wote wanakaa kando, ni nani tunayemwachia mji? Kanoni Kir hakungoja utulivu ndipo atumikie. Alianza siku ile wengine walipokuwa wakifunga mizigo.