Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Hapa Mbuchi, katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, mwenye kutibu wagonjwa hukaa mbali na wenzake. Akiletewa ugonjwa asioujua, atamwuliza nani? Neno hilo limetukumbusha habari za Adrian Atiman. Hakuwa wa Kanisa letu, alikuwa Mkatoliki. Lakini alikuwa mwalimu wa dini na mganga pamoja, nasi twaona yafaa walimu wetu wamjue.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika Afrika ya Magharibi. Angali mtoto alikamatwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Huko Algeria Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na shauri la kuwasomesha uganga vijana Waafrika waliokombolewa utumwani. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta mwaka 1881, akasoma huko hata mwaka 1888.

Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, penye ngome ya zamani ya Wabelgiji. Kwa maoni yetu, hapo ndipo masomo yake yalipoanza hasa. Malta alikuwa na walimu. Karema walimu wake walikuwa wagonjwa wenyewe. Alikuwa mgeni wa lugha, na mgeni wa miti na majani ya nchi ile. Kijana aliyesoma Ulaya miaka saba angaliweza kuwadharau wazee wa kijijini, na wa namna hiyo tumewaona wengi. Yeye alikwenda kwa waganga wa nchi, akajifunza dawa zao za mitishamba, akaziweka pamoja na zile alizozijua tangu Malta. Hakuona haya kuwa mwanafunzi mara ya pili, tena chini ya watu wasiojua kusoma.

Akaoa huko, na mwanawe Joseph akapewa upadre mwaka 1923. Wajerumani wakaitawala nchi wakaondoka, Waingereza wakashika mahali pao, naye Atiman alikuwa angali palepale, akitibu na kufundisha dini. Waliokuwa watoto alipofika walimletea wajukuu wao. Alifariki mwaka 1956, umri wake ukikaribia miaka 90, akiwa ametumika Karema miaka 67.