Katharina Luther, Mama wa Wengi

Jina la Daktari Martin Luther lajulikana katika kila usharika wetu, lakini ni wachache wanaozijua habari za mke wake. Twapenda kuzisimulia, kwa kuwa limo ndani yake fundisho juu ya kuwatumikia watu.

Katharina von Bora alizaliwa mwaka 1499 katika nchi ya Saxony, Ujerumani. Tangu utoto alilelewa katika nyumba za watawa, na mwaka 1515 akaweka nadhiri huko Nimbschen. Mafundisho ya Luther yalipofika hata humo ndani, yeye na wenziwe wakatamani kutoka. Siku za Pasaka za mwaka 1523, usiku, mfanya biashara wa Torgau, Leonhard Koppe, akawatorosha kwa gari lake. Tisa wakafikishwa Wittenberg, na Katharina mmoja wao. Tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther.

Wakakaa katika nyumba kubwa iliyokuwa zamani ya watawa wa Augustino. Katharina akazaa watoto 6, lakini meza yake haikuwa ya hao 6 tu. Waliketi hapo yatima wa jamaa zao, wanafunzi, wageni, na wakimbizi walioteswa kwao kwa ajili ya Injili. Luther alikuwa mwepesi wa kutoa, wala hakujua kuweka akiba. Basi mzigo wa kuwalisha wote ukawa wa mkewe. Akaamka kabla ya jua, akalima bustani, akafuga ng'ombe, nguruwe na samaki, akatengeneza pombe kwa desturi ya nchi ile.

Mwaka 1527 tauni ikaingia mjini. Chuo kikahamishwa, watu wengi wakakimbia. Luther na mkewe wakabaki. Katharina alikuwa mja mzito, na mwanawe wa kwanza alikuwa angali mchanga. Hata hivyo nyumba yake ikawa kama hospitali, wagonjwa wakauguzwa humo. Binti aliyemzaa mwezi wa Desemba, Elisabeth, akafa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1542 akamzika Magdalena pia, mwenye miaka 13. Lakini huzuni hizo hazikuufunga mlango wake.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Alikuwa ameandika kwamba mali na ulezi wa watoto viwe mikononi mwa mkewe, lakini sheria ya nchi haikukubali mwanamke asimamie peke yake, wakawekwa wasimamizi wanaume. Wako wakubwa waliotaka wanawe watengwe naye. Yeye akashindana mpaka wakabaki. Kisha vita vikaja, akakimbilia Magdeburg. Aliporudi akakuta mashamba yameharibiwa. Akaanza tena kupokea wanafunzi nyumbani, na katika shida yake akamwandikia mfalme wa Denmark kuomba msaada. Wengi waliokula mezani pake hawakumkumbuka.

Mwaka 1552 tauni ikarudi. Alipokuwa akiwapeleka watoto Torgau, farasi wakashtuka; akaruka garini, akaanguka shimoni penye maji. Akaugua miezi kadhaa, akafa tarehe 20 Desemba, akazikwa kanisani Torgau.

Basi, ndugu, tufikiri. Mama hamwulizi mtoto mwenye njaa amestahili nini. Ampa chakula kwa sababu ana njaa. Katharina alifanya vivyo hivyo hata kwa watoto asiowazaa. Hakupanda mimbarani kamwe, lakini waliohubiri walilishwa kwa mikono yake. Afuaye nguo za mgonjwa amtumikia Bwana sawasawa na afundishaye darasani.

Tena liko neno la kutuonya. Mwalimu, katika usharika wako wamo wajane ambao zamani waliwapikia wageni wa kanisa na kuwalea yatima. Je, leo nani abisha hodi mlangoni pao? Tusingoje kuwasifu siku ya maziko. Twende kwao wangali hai, tukiwa na unga na kuni mkononi.