Rachel Carson, Mtumishi wa Serikali Aliyesoma Majalada

Katika safu hii tumezoea kuwakumbuka waliopigana kwa bunduki au kwa hotuba. Leo tunamkumbuka mwanamama wa Marekani ambaye silaha yake ilikuwa jalada la ofisi. Tumemchagua kwa kuwa wasomaji wetu wengi huishi kwa bahari, na wengine huishi kwa kuandika taarifa za Serikali, naye alikuwa mtu wa mambo yote mawili.

Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, mbali na pwani. Mama yake ndiye aliyemfundisha kutazama ndege na wadudu. Chuoni alianza na fasihi, kisha akahamia elimu ya viumbe, na mwaka 1932 akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alitaka kuendelea, lakini zile zilikuwa zama za dhiki kuu ya uchumi wa kibepari. Baba yake alipofariki mwaka 1935, mzigo wa kuitunza familia ulimwangukia yeye. Akabisha hodi katika Idara ya Uvuvi, akapewa kibarua cha kuandika vipindi vya redio juu ya viumbe wa baharini. Mwaka 1936, baada ya kufaulu mtihani, akaajiriwa rasmi.

Alidumu Serikalini kiasi cha miaka kumi na sita, na kufikia mwaka 1949 alikuwa mhariri mkuu wa machapisho yote ya idara iliyosimamia samaki na wanyamapori. Tuseme wazi kwamba hakuwa mkubwa wa kutoa amri. Kazi yake ilikuwa kusoma taarifa za wataalamu, kuzisahihisha, na kuziandika upya kwa lugha ambayo mvuvi angeielewa. Katika ofisi nyingi kazi ya namna hiyo hupewa yule asiyehitajiwa mahali pengine. Usiku, nyumbani, aliandika vitabu vyake mwenyewe. Kitabu chake juu ya bahari, The Sea Around Us, kilichotoka mwaka 1951, kilinunuliwa mno hata akaweza kuacha kazi mwaka uliofuata. Akajenga nyumba ndogo katika kisiwa cha Southport, pwani ya Maine, akawa kila kiangazi anashuka ufukweni maji yanapokupwa ili kuchungua vidimbwi vya miambani.

Angeweza kuishia hapo, mwenye jina na mwenye raha. Lakini tangu mwaka 1945 lilikuwapo jambo lililomkera. Wataalamu wa idara yake mwenyewe walikuwa wakichunguza madhara ya DDT, dawa iliyotukuzwa sana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipendekeza kwa jarida moja kubwa kuandika makala juu ya uchunguzi huo, akakataliwa. Mwaka 1958 ikamfikia barua kutoka kwa rafiki yake wa Massachusetts, ikieleza jinsi ndege walivyokufa baada ya eropleni kunyunyiza dawa ya mbu. Akarudi kwenye majalada.

Hatuna budi kulisisitiza hili: yeye binafsi hakugundua sumu yoyote. Habari zote zilikwishaandikwa, na nyingine zilikuwa ndani ya kabati za Serikali, kila moja ikisomwa na wachache wa fani moja. Chukua mfano wa ziwa la Clear Lake, jimbo la California. Ili kuwaua vijidudu waliowasumbua watalii, maji yalitiwa dawa ya DDD, nduguye DDT, mwaka 1949, na tena mwaka 1954 na 1957. Kipimo kilikuwa kidogo mno. Mara ya pili kilikuwa sehemu moja ya dawa kwa sehemu milioni 50 za maji. Nani angeogopa kipimo kama hicho? Lakini vijimea na vijidudu vya majini viliilimbikiza dawa ile hadi sehemu tano katika kila milioni. Samaki wakavila, wakalimbikiza zaidi. Vibisi, ndege wapigao mbizi, wakawala samaki, na katika mafuta ya miili yao zikakutwa sehemu 1,600 katika kila milioni. Jozi zaidi ya 1,000 za vibisi zilizokuwa zikiatamia pale zilipungua zikabaki kama 30. Mvuvi wetu anayejua utupa unavyoua mkubwa na mdogo bila kuchagua ataelewa upesi. Ila utupa humaliza kazi yake siku ile ile, na sumu hii hukaa.

Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka Septemba 1962. Makampuni ya madawa yakachachamaa. Walisema si mtaalamu, walisema ni mwanamke mwenye jazba, na kampuni moja ikatishia kumshitaki mchapishaji. Wasilolijua ni kwamba aliyaandika yale akiwa na saratani ya matiti, nayo aliificha ili isifanywe hoja dhidi yake. Rais Kennedy aliiamuru kamati ya washauri wake wa sayansi ilichunguze suala hilo, na taarifa yao ya Mei 1963 ikamuunga mkono. Mwezi uliofuata akatoa ushahidi mbele ya Baraza la Seneti. Alifariki tarehe 14 Aprili, 1964, akiwa na umri wa miaka 56, siku kumi na mbili kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972.

Wapo hadi leo wanaodai kwamba bibi huyu aliwaua watoto wa Afrika kwa malaria. Dai hilo halina insafu, na visiwa hivi ni shahidi. Kampeni ya kunyunyiza dawa majumbani, iliyoanza Unguja na Pemba mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipunguza homa sana. Wazee wetu wanawakumbuka watu wa dawa na mabomba yao. Ilisimamishwa mwaka 1968, miaka minne kabla ya marufuku ya Marekani, na homa ikarudi. Marufuku yenyewe haikugusa matumizi ya kuzuia maradhi, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 nao umeyaruhusu. Wala Carson hakutaka dawa zote ziachwe. Alionya kwamba zikimwagwa ovyo, wadudu watazizoea na tutabaki mikono mitupu siku ya haja. DDT iliporudishwa kuta za nyumba zetu katika miaka ya 1980, wataalamu waliwapima mbu wa Zanzibar wakawakuta wamekwisha kuizoea.