Imamu Ghazali: Kazi Ilipomfunga Ulimi

Mtu akiugua moyo kwa ajili ya kazi, ama imempotea ama inamwelemea, wako miongoni mwetu wasemao kuwa imani yake ni haba. Mimi siafikiani nao, na shahidi wangu ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali, ambaye jina lake halikosekani katika darsa zetu.

Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, akafiwa na baba angali mdogo. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa chuo cha Nizamiyya, Baghdad. Umri wake haujatimia miaka 35, na mbele yake wameketi wanafunzi wapatao 300. Ni kazi gani tena ya kutamaniwa kuliko hiyo?

Lakini mwaka 1092 waziri huyo aliuawa, na baada ya wiki chache Sultani Malik Shah naye akafa. Wakuu wakagombea ufalme. Ghazali akaanza kujiuliza kama alikuwa akisomesha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya jaha. Leo huazimia kuondoka, kesho nafsi humrudisha. Vuta nikuvute hiyo ilidumu karibu miezi sita, tangu Rajabu ya mwaka 488 Hijria, yaani 1095. Mwishowe ulimi ukafunga. Akitaka kusomesha, neno halitoki. Chakula nacho hakishuki. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi yametoka moyoni yakaingia mwilini, na hayana dawa mpaka moyo upumzike.

Basi akatoa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto. Nduguye Ahmad akashika nafasi yake chuoni, naye akaenda Sham. Alikaa Damascus karibu miaka miwili, akazuru Baitul Mukaddas, akahiji. Katika miaka hiyo ndipo alipotunga Ihya Ulum al-Din. Mwaka 1106 alirudi kusomesha, Nishapur, na mwaka 1111 akafariki Tus.

Najua wengi wetu hatuna mali ya kugawa wala ndugu wa kutushikia zamu. Kuli au karani akiacha kazi leo, kesho jiko halikoki moto. Lakini ikiwa Imamu mzima alizidiwa, nani atamcheka jirani? Akitujia mtu aliyeachishwa kazi, usingizi haumjii na chakula hakimpiti, tusimpime imani. Tumpeleke kwa tabibu, na watoto wake tuwaangalie.