Michio Suzuki, Fundi Aliyeanza na Kitanda cha Mama Yake

Bila shaka umewahi kuliona lile gari dogo la mizigo lenye uso bapa na magurudumu madogo. Katika Tanzania watu wengi huliita kirikuu. Asubuhi linapeleka mchicha na nyanya sokoni. Mchana linabeba kreti za soda. Jioni pengine linabeba magodoro na masufuria ya mtu anayehama nyumba.

Mengi ya magari hayo yametengenezwa na kampuni ya Suzuki ya nchi ya Japani. Suzuki ni jina la mtu. Mtu huyo aliitwa Michio Suzuki. Hakuzaliwa katika nyumba ya matajiri. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba, akawa seremala. Soma habari zake, uone jinsi kazi ya mikono yake ilivyokua hatua kwa hatua.

1. Mtoto wa mkulima wa pamba

Michio Suzuki alizaliwa mwaka 1887, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Hamamatsu. Mji huo uko pwani ya Japani, upande wa kusini-magharibi wa Tokyo. Wazazi wake walilima pamba. Tangu utotoni Michio alikwenda shambani kuchuma pamba kwa mikono. Kama wewe umelima pamba, unaijua kazi hiyo. Mgongo unauma, na vidole vinachomwa na vikonyo vikavu.

Pamba ya eneo lile haikuuzwa tu. Wanawake waliisokota kuwa nyuzi, kisha wakafuma nguo nyumbani kwa kitanda cha mfumi. Hicho ni kifaa cha mbao ambacho nyuzi hutandazwa juu yake, na nyuzi nyingine hupitishwa katikati, mpaka nguo itokee. Mama yake Michio alikuwa mmoja wa wafumaji hao. Kitanda chake kilikuwa cha zamani. Alifanya kazi kwa saa nyingi, akapata nguo kidogo.

Mwaka 1901, Michio alipokuwa na umri wa miaka 14, alipelekwa kwa fundi seremala kujifunza kazi. Mapatano yalikuwa ya miaka saba. Alijifunza kuranda mbao, kupima na kuunga. Mwaka 1904 nchi ya Japani ikaingia vitani na Urusi. Watu wakaacha kujenga nyumba, na maseremala wakakosa kazi. Fundi wake hakukaa kusubiri. Akaanza kutengeneza vitanda vya kufumia. Hivyo Michio naye akaijua kazi hiyo, ingawa hakuwa ameifuata.

2. Kitanda kipya cha mama

Mwaka 1908 Michio alimaliza miaka yake saba. Alikuwa na umri wa miaka 21. Akarudi nyumbani, akamtazama mama yake akifuma. Kisha akamtengenezea kitanda kipya cha mbao kinachoendeshwa kwa miguu. Kwa kitanda hicho mama alifuma upesi zaidi, na mikono yake ikapata nafuu.

Majirani walikuja kutazama. Kila mmoja akataka chake. Mwaka 1909 Michio alifungua karakana ndogo katika nyumba iliyokuwa ikitumika kufugia wadudu wanaotoa nyuzi za hariri. Wakati huo hakuwa na mashine. Alikuwa na vifaa vya useremala na maarifa yake.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili. Michio hakuanza kwa kuuliza atauza nini. Alianza kwa kumtazama mtu anayefanya kazi, na kuona mahali kazi inapomchosha. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote. Wafumaji walipotaka nguo za mistari, alitengeneza kitanda kinachoweza kufuma mistari. Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki walipohitaji nguo za saruni, alitengeneza mashine ya kufuma saruni. Mashine hizo ziliuzwa hadi nchi za ng'ambo. Mwaka 1920 karakana yake iligeuka kuwa kampuni, naye akawa mkuu wake. Katika maisha yake aliandikishiwa uvumbuzi zaidi ya 120.

3. Hofu ya mashine isiyochakaa

Biashara ilikuwa nzuri, lakini Michio aliona hatari. Mashine ya kufumia ikitengenezwa vizuri hudumu miaka mingi. Mtu aliyenunua moja leo hatarudi kesho kununua nyingine. Siku wafumaji wote watakapokuwa na mashine, wafanyakazi wake watakula nini?

Kwa hiyo alifikiria magari. Mwaka 1937 kampuni yake ilianza kufanya utafiti. Walinunua gari dogo la Kiingereza liitwalo Austin Seven, wakalifungua kipande kwa kipande, wakajifunza kila chuma kinafanya nini. Kufikia mwaka 1939 walikuwa wamekwisha kuunda magari yao ya majaribio.

Lakini Japani ilikuwa vitani tena. Serikali ilisema kuwa magari ya abiria si vitu vya lazima wakati wa vita. Kazi ya magari ikasimamishwa. Viwanda vikaamriwa kutengeneza vitu vya vita. Mwaka 1944 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo lile. Mwaka 1945 mji wa Hamamatsu ulipigwa mabomu. Vita vilipokwisha mwaka huo, Michio alikuwa na umri wa miaka 58, na nchi yake ilikuwa imejaa vifusi.

4. Pamba yaanguka

Baada ya vita watu walihitaji nguo. Pamba ililetwa kutoka Marekani, na mashine za kufumia zikapata wanunuzi tena. Lakini neema hiyo haikudumu. Karibu na mwaka 1950 kampuni ililemewa na madeni, na mgogoro mkubwa ukatokea kati ya uongozi na wafanyakazi. Mwaka 1951 biashara ya pamba ikaanguka. Ile hofu ya zamani ya Michio ikawa kweli.

Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 64. Angeweza kufunga milango na kupumzika. Lakini familia nyingi zilitegemea kiwanda kile. Akakubali kuanza kazi mpya.

Mkwe wake, aliyeitwa Shunzo Suzuki, alipenda kuvua samaki. Alikwenda kuvua kwa baiskeli. Siku moja, akirudi huku akipambana na upepo, alifikiri jinsi injini ndogo ingemsaidia mtu wa baiskeli. Mwaka 1952 kampuni ilianza kuuza baiskeli yenye injini ndogo ya sentimita za ujazo 36. Mwenye nayo aliweza kutumia injini peke yake, au miguu peke yake, au vyote viwili. Watu waliinunua kwa wingi. Kampuni ikapumua. Mwaka 1954 ikabadili jina, ikawa kampuni ya magari ya Suzuki.

5. Gari moja kwa kazi na nyumbani

Sasa tufike kwenye gari dogo. Wakati ule watu wengi wa Japani hawakuwa na uwezo wa kununua gari. Mwenye duka alipeleka mizigo kwa baiskeli, kwa mkokoteni, au kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Serikali ilikuwa imeweka daraja la magari madogo ili watu wenye kipato kidogo nao wapate. Kuanzia mwaka 1955, gari la daraja hilo halikuruhusiwa kuzidi urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.3. Injini yake haikuruhusiwa kuzidi sentimita za ujazo 360. Ili upate picha, injini za bodaboda nyingi ni kati ya 100 na 150. Basi gari zima lilitakiwa kuendeshwa na injini isiyofikia bodaboda nne kwa ukubwa.

Michio na Shunzo walikubali kujaribu. Mafundi walinunua magari madogo ya Ulaya, wakayachunguza kama walivyolichunguza lile la Kiingereza. Mwaka 1954 magari mawili ya majaribio yalikuwa tayari. Yaliendeshwa kutoka Hamamatsu hadi Tokyo, safari ya zaidi ya kilomita 200. Njia ilipita milima ya Hakone, na barabara haikuwa na lami. Magari yaliharibika njiani, yakatengenezwa, yakaendelea. Huko Tokyo mfanyabiashara maarufu wa magari, Jiro Yanase, alikuwa akiyasubiri ayakague. Yalifika usiku sana. Yanase aliyaendesha usiku uleule, akaridhika nayo.

Mwaka 1955 gari hilo lilianza kuuzwa kwa jina la Suzulight. Lilitolewa kwa namna mbalimbali: la abiria, la wazi nyuma kwa mizigo, na la kufunikwa nyuma kama sanduku. Injini ilikuwa mbele, na iliyazungusha magurudumu ya mbele. Jambo hilo lilikuwa na faida. Hapakuhitajika chuma kirefu cha kupitisha nguvu chini ya sakafu mpaka nyuma. Kwa hiyo sakafu iliweza kuwa chini, na nafasi ya mizigo ikaongezeka. Injini yenyewe ilitumia petroli iliyochanganywa na oili. Ilikuwa na vipande vichache, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuitengeneza.

Mwanzoni yalitoka magari matatu au manne tu kwa mwezi. Baada ya muda kampuni iliona ni lipi linalopendwa. Lilikuwa lile la kufunikwa nyuma. Sababu ni mbili. Kwanza, serikali ilitoza kodi kubwa magari ya abiria, lakini magari ya kazi yalitozwa kodi ndogo. Pili, kiti cha nyuma cha gari hilo kiliweza kukunjwa. Siku ya kazi mwenye duka alikikunja akapakia magunia. Siku ya mapumziko alikikunjua, akawapakia mke na watoto. Familia isiyoweza kununua magari mawili ilipata gari moja linalofanya kazi mbili. Kampuni ikaacha kutengeneza namna zile nyingine, ikashika hiyo moja.

6. Tufani

Mwaka 1957 Michio alitimiza miaka 70. Akamwachia Shunzo uongozi wa kampuni, yeye akabaki kuwa mshauri.

Mwezi wa Julai 1959 gari jipya la namna ileile lilitolewa. Miezi miwili tu baadaye, mwezi wa Septemba, tufani kubwa ilipiga Japani na kuua watu maelfu. Kiwanda cha kuunganishia magari cha Suzuki kiliharibiwa. Kazi ya miaka mingi ilionekana kupotea kwa usiku mmoja. Lakini kiwanda kipya kilijengwa, na mwezi wa Machi 1960 magari yakaanza kutoka tena, mengi kuliko kwanza.

Mwaka 1961 kampuni ilitoa gari la mizigo liitwalo Carry. Injini yake iliwekwa chini ya kiti cha mbele, ili sehemu yote ya nyuma ibaki kwa mizigo. Hilo ndilo babu wa kirikuu unaloliona barabarani. Injini zimekua tangu wakati huo. Sheria ya Japani iliruhusu sentimita 550 mwaka 1976, na 660 mwaka 1990. Lakini shabaha ni ileile: gari fupi, jepesi, lenye nafasi kubwa ya mzigo.

Mwaka 1979, Michio akiwa mzee wa miaka 92, kampuni ilitoa gari liitwalo Alto. Nalo liliandikishwa kama gari la kazi ili bei yake iwe ndogo, lakini watu wengi walilitumia nyumbani. Mwezi wa Oktoba 1982 kampuni ilitia sahihi mapatano ya kutengeneza magari madogo katika nchi ya India. Mwezi huohuo Michio Suzuki alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 95.

7. Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, Michio hakuyaunda magari hayo peke yake. Mkwe wake alitoa mawazo. Mafundi walikesha. Wafanyakazi walistahimili miaka migumu. Lakini yeye ndiye aliyewaonyesha njia: mtazame mtu akiwa kazini, uone kinachomchosha, kisha utafute chombo anachoweza kukimudu. Kitanda cha mama na gari la mwenye duka vilitokana na fikra hiyo moja.

Tena aliona mapema kuwa kazi inayokulisha leo inaweza kukoma kesho. Hakudharau kujifunza kwa wengine, hata alipokuwa mzee. Nawe ambaye umejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unalijua jambo hilo. Elimu haina mwisho.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Michio alimtengenezea mama yake kitanda kipya cha kufumia?
2. Aliona hatari gani katika biashara ya mashine za kufumia?
3. Kwa nini watu walilipenda gari la kufunikwa nyuma kuliko mengine?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani inayowachosha watu zaidi? Ni chombo gani ambacho mafundi wenu wanaweza kukitengeneza ili kuipunguza?
5. Kama zao mnalolitegemea likikosa bei, mtaanza kazi gani nyingine?